Disney wanaanza na usalama, sisi tunaanza na picha

Naomba tuongee kuhusu kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa katuni tu. Kila nikiingia kwenye mafunzo ya biashara mtandaoni lazima mtu ataitaja Disney. "Mhudumie mteja kama Disney." "Mfanye ajisikie yuko Disney." Ukiuliza maana yake nini, unaambiwa tabasamu, weka kikadi cha asante ndani ya mzigo, funga na utepe mwekundu. Basi, imeisha hiyo. Mtu anashuka Kariakoo kununua utepe wa jumla akidhani amejifunza uongozi wa kampuni kubwa.

Mimi nauza nguo za watoto, mwaka wa sita sasa, kwa simu na chumba kimoja cha stoku. Marekani sijafika. Ila hii kampuni nimeisoma sana, kwa sababu nilitaka kujua wanawezaje kuwafanya maelfu ya vijana, wengine wameajiriwa juzi tu, wafanye kazi vilevile hata bosi asipokuwepo. Mimi nina msaidizi mmoja na ilikuwa inanishinda. Na maoni yangu, baada ya kusoma, ni kwamba hapa kwetu tumechukua utepe tukaacha kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni mpangilio.

Kwenye viwanja vya burudani vya Disney wafanyakazi wanafundishwa mambo manne ya kuongozea kazi yao: usalama, ukarimu, onyesho na ufanisi. Mwaka 2020 wakaongeza la tano, kwamba kila mgeni na kila mfanyakazi ajione anakaribishwa bila kubaguliwa. Sasa maneno kama hayo hata ofisi zetu zinayo ukutani. Uadilifu, uwajibikaji, ubunifu, yamewekwa fremu nzuri na hakuna anayeyasoma. Tofauti ni kwamba yale manne ya Disney yamepangwa kwa ngazi. Usalama uko juu, halafu ukarimu, halafu onyesho, na ufanisi uko chini. Yakigongana, la juu linashinda. Kijana wa miaka 19 anayesimama kwenye mlango wa bembea hana haja ya kumpigia meneja. Anajua tayari lipi linasubiri.

Nikupe mfano. Wana nyumba moja ya mizimu inaitwa Haunted Mansion. Ndani yake vigari vinatembea mfululizo kama mkanda, havisimami, watu wanapanda vikiwa vinatembea polepole. Akija mtu mwenye ulemavu au mzee ambaye hawezi kuruka haraka, wanapunguza mwendo, au wanasimamisha mkanda mzima. Fikiria hiyo hasara. Foleni nje haisogei, na waliokuwa ndani wamekwama gizani. Mtu wa mahesabu angelia. Lakini ufanisi uko ngazi ya mwisho, kwa hiyo unasubiri. Na ninachokipenda zaidi ni kwamba hata pale hawajaliacha onyesho lianguke. Walioko ndani wanasikia sauti ya kutisha ikiwaeleza kuwa mizuka watundu ndio wamesimamisha safari. Mtoto anacheka, hajui kama nje kuna bibi anasaidiwa kupanda. Usalama umepata chake, ukarimu umepata chake, onyesho limebaki zima, kasi ndiyo imelipa gharama.

Msidhani walizaliwa wanajua. Siku Disneyland inafunguliwa kule Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, ilikuwa aibu mbele ya televisheni. Watu waliingia kwa tiketi bandia wakajaa kuliko ilivyopangwa. Lami ilikuwa haijakauka vizuri, visigino vya akina mama vikawa vinazama. Mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, kwa hiyo maji ya kunywa yalikuwa ya shida kwenye jua la Julai, na wageni wakasema wamefanyiwa makusudi ili wanunue soda. Mtu akikwambia biashara yako imeanza vibaya, mkumbushe hao.

Kampuni ile asili yake ni filamu, na lugha yao imetoka huko. Mteja wanamwita mgeni. Mfanyakazi, hata anayefagia, wanamhesabu kuwa mmoja wa waigizaji. Mahali mgeni anapofika panaitwa jukwaani, mahali asipofika ni nyuma ya jukwaa. Kuanzia mwaka 1996 wana chuo chao cha kuuza mafunzo haya kwa biashara nyingine, na mabenki, mahospitali na shule zimelipa kwenda kujifunza. Kuna kitabu cha mwaka 2004 cha Fred Lee, mtu aliyefanya kazi kwenye uongozi wa hospitali na pia na Disney, kinachouliza hospitali ingekuwaje kama Disney wangeiendesha. Hoja yake moja ambayo mimi nimeishika ni ile ile ya ngazi: ukarimu ukae juu ya ufanisi. Nesi anayemaliza wagonjwa 40 kwa siku bila kumwangalia hata mmoja usoni hajafanya kazi nzuri, amefanya kazi ya haraka.

Sasa tugeuze kioo kwetu, sisi wa mtandaoni.

Ngazi yetu iko kichwa chini. Cha kwanza ni onyesho: picha, taa ya duara, muziki unaovuma wiki hiyo. Cha pili kasi: "mzigo unakufikia ndani ya saa 1 popote Dar." Ukarimu unategemea tumeamkaje. Usalama? Hebu pita kwenye kurasa 20 za wauzaji unaowafuata, uone ni ngapi zimegusa usalama hata mara moja.

Wengine wataniambia, wewe, usalama ni wa mabembea na magari ya moshi, mimi nauza pochi usalama wangu uko wapi? Upo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo panapouma.

Upo kwenye bidhaa yenyewe. Mimi nguo za watoto kila kifungo nakivuta kwa mkono kabla haijapigwa picha, kwa sababu mtoto wa miezi 8 kila kitu ni mdomoni. Shanga ikichomoka, ni koo la mtoto wa mtu. Muuza vipodozi mwenzangu, wewe unajua krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na unajua kwa nini. TBS ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019, kuuliza si kosa. Ukiona kopo halina orodha ya viambato, au lebo imebandikwa juu ya lebo, na bado unaliposti kwa sababu "linatembea", basi umeamua kwamba onyesho na kasi vinakaa juu ya ngozi ya dada yako. Huo nao ni mpangilio, hata kama hujauandika popote.

Upo kwenye taarifa za mteja. Hii naiona kila siku hadi nachoka. Mteja ametuma ujumbe wa kusifia, muuzaji anapiga skrinshoti anabandika stetasi, namba ya simu ya mteja hiyo hapo, jina lake, wakati mwingine mpaka "niletee Sinza karibu na kituo cha mafuta, nyumba ya geti la kijani, niko mwenyewe mpaka saa 12". Jamani! Umemtangazia mwizi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata sheria isingekuwepo, yule dada alikupa hiyo anwani ili apate mzigo wake tu. Futa namba, futa picha ya wasifu, muombe ruhusa. Dakika 1.

Na upo kwa anayebeba mzigo. Wengi tunamsahau huyu kabisa. Ile ahadi ya saa 1 popote Dar hatuitimizi sisi tuliokaa kwenye kiti, anaitimiza kijana kwenye pikipiki.

Nina kisa hapa. Mwaka jana kipindi cha mvua kubwa, mama mmoja alikuwa amelipia gauni la mwanawe la sikukuu ya kuzaliwa, sherehe kesho yake asubuhi, yeye anakaa Kimara. Jioni ile kijana wangu wa bodaboda akanipigia: "Dada, Jangwani pamejaa, wenzangu wanapita kwa kusukuma, mimi mwenyewe sijui." Nyie wa Dar mnajua Jangwani pakijaa panakuwaje. Mama anataka gauni, na ana haki. Kijana anataka hela ya safari, kwa hiyo nikimwambia nenda, atakwenda. Na mimi nataka kutimiza nilichoahidi. Zamani hapo ningeanza kupima, kuhesabu, kumuuliza huyu na yule mpaka saa 3 usiku. Safari hii haikuchukua muda, kwa sababu ngazi ilikuwa imeshaamua. Usalama wa kijana kwanza. Nikamwambia arudi nyumbani na nikamlipa nusu ya nauli. Kinachofuata ni ukarimu, maana yake sikumwandikia mama ujumbe, nilimpigia. "Shikamoo mama, gauni halitafika leo, maji yamejaa Jangwani. Naweza kukurudishia hela yako yote sasa hivi ili utafute duka la karibu, au nilete kesho alfajiri kama maji yatapungua, lakini kesho siwezi kukuahidi." Akachagua hela. Alikasirika, alisema maneno, nikayapokea. Hela nikairudisha kabla hatujakata simu. Hajanunua tena kwangu mpaka leo, sitawadanganya. Na ikitokea tena nitafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo msinielewe kwamba huu mpangilio ni dawa ya kuongeza mauzo. Kuna siku unakugharimu. Kazi yake ni kwamba ukifika pabaya unakuwa umeshajua la kufanya.

Kwenye ukarimu nitasema mawili tu. La kwanza ni hii "bei njoo inboksi". Najua sababu zetu, washindani wanachungulia, na kuna wanaosema mtandao unaipandisha posti ikiwa na maswali mengi. Sawa. Lakini mteja ameuliza kitu kimoja, bei, na wewe umemwambia zunguka mlango wa nyuma. Umeuweka ujanja wako juu ya heshima yake. Andika bei. La pili ni kuita watu. Muuzaji anamwandikia mzee wa miaka 60 "mambo bebi, rangi gani mpenzi?" Yule mzee anamnunulia mjukuu wake viatu! Kama hujui ni nani, "karibu sana" inatosha kwa kila mtu. Ukijua ni mkubwa kwako, shikamoo haijawahi kupitwa na wakati. Disney wanafundisha vijana wao hata namna ya kumwelekeza mgeni njia, wasioneshe kwa kidole kimoja, watumie vidole viwili au kiganja kizima, kwa sababu kuna watu wanatoka nchi ambazo kidole kimoja ni matusi. Wao wamefikiria kidole, sisi hatujafikiria "bebi".

Onyesho, sina ugomvi nalo. Picha ziwe nzuri, kabisa. Ugomvi wangu ni pale picha inapokuwa ya gauni lingine. Umeichukua kwa msambazaji wa China, kitambaa kinang'aa, mteja anapokea kitu kama pazia la gesti. Hapo hakuna onyesho, hapo kuna uongo, na Disney isingedumu wiki mbili kwa staili hiyo. Halafu kuna suala la nyuma ya jukwaa. Kule Florida kiwanja chao cha Magic Kingdom kilichofunguliwa 1971 kina njia za chini ambazo wageni hawazioni. Wafanyakazi wanapita humo, mizigo na takataka zinapita humo, ili mgeni aliye kwenye kijiji cha zamani asimwone mtu wa vyombo vya anga akikatiza. Wewe huna hela ya kuchimba handaki, lakini unaweza kuwa na namba mbili. Namba ya duka ni jukwaani. Ile stetasi ya "kuna watu wananiona mjinga ila Mungu yupo" ibaki kwenye namba ya nyumbani. Mteja wako anayetaka soksi hajui ugomvi wako na wifi, na anaanza kujiuliza kama anayesemwa ni yeye.

Kuhusu kasi, kitu kimoja cha kuiba pale bila aibu ni vile vibao vyao vya muda wa kusubiri. Waliokwenda mara nyingi wanajua kwamba muda ulioandikwa mara nyingi ni mrefu kuliko utakaosubiri kweli. Umeambiwa dakika 45, umesubiri 35, unatoka umefurahi ingawa umesimama juani zaidi ya nusu saa. Mzigo wa Mwanza ukijua unachukua siku 2, sema 3. Ukifika siku ya pili, mteja anakusifia wewe badala ya basi.

Sasa nigeuke upande mwingine, kwa sababu kuna vya kuacha.

Walipokwenda kufungua kiwanja karibu na Paris mwaka 1992, walibeba kanuni zao kama zilivyo. Ndani ya kiwanja hakuna pombe. Ufaransa! Nchi ambayo watu wanakunywa divai na chakula cha mchana bila kuona ajabu. Wafanyakazi nao wakapewa masharti ya mwonekano, ndevu hapana, vyama vya wafanyakazi vikaja juu. Mwaka uliofuata divai ikaruhusiwa. Wakati huohuo Tokyo, ambako kiwanja chao kilikuwa kimefunguliwa tangu 1983, mambo yalikwenda vizuri, na mwenye kiwanja kile ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land, inayolipia jina na ubunifu. Watu wenye uwanja wao, wanaowajua wateja wao. Kwa hiyo ukisoma kanuni za wageni, hata hizi ninazokupa mimi, zipitishe kwanza mtaani kwako. Kule kila mgeni anataka kuchangamkiwa kwa furaha kubwa. Huku kwetu ukimchangamkia sana mteja wa kwanza, anaanza kuhisi unataka kumuuzia kitu kibovu.

Cha pili cha kuacha ni kuombea tabasamu bila kulilipia. Mei 2024 watu wanaovaa mavazi ya wahusika na kucheza kwenye magwaride pale Disneyland walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hao ndio uso wa furaha yote ile, na walikuwa wanadai malipo bora, ratiba na usalama wao kazini. Neno usalama liko namba moja kwenye kanuni za kampuni yao wenyewe. Nawaambia hivi kwa sababu wengi wetu tuna dada mmoja anayefunga mizigo, anajibu meseji mpaka saa 5 usiku, tunamwambia "jibu kwa uchangamfu", na mshahara wa mwezi uliopita tumempa nusu. Huyo usimfundishe Disney. Mlipe kwanza.

Najua kuna atakayesema haya ni ya wenye mitaji. Mpangilio ni karatasi moja, ndugu yangu. Mimi nimeandika kwa kalamu ya wino mzito nikaibandika juu ya meza ya kufungia: usalama, ukarimu, onyesho, kasi. Ya kwako inaweza kuwa tofauti, muuza keki pengine ataweka usafi peke yake pale juu. Ilimradi kuna la kwanza na la mwisho, na msaidizi wako anayajua.

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwenye msiba, mtandao unashika mara moja kwa siku. Kumbe huku nyuma kuna mteja, mteja mzuri, wa mara kwa mara, aliona picha ya mtoto wa mteja mwingine amevaa seti yetu, tuliyoiposti kwa ruhusa. Akaomba namba ya yule mama, anataka amuulize viatu kanunua wapi. Msaidizi wangu alinitafuta akanikosa. Akaangalia karatasi. Akamjibu: "Dada samahani, namba za wateja huwa hatutoi, hata yako hatumpi mtu. Ila ukipenda nitampa yeye namba yako, akiwa tayari atakutafuta mwenyewe." Mteja akakubali. Yule mama akampigia kesho yake.

Mimi niliyakuta hayo yote siku tatu baadaye, nikiwa kwenye basi la kurudi, napitia meseji.